Mtoto wangu yuko fosta Kiboswa, juzi amemwita mama mwingine "mama" mbele yangu. Nimempoteza?

#1 NyarNyalenda
Habari za jioni. Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika, leo imenibidi.

Mwaka jana nilishikwa na chang'aa, pombe ya kienyeji, kwangu Nyalenda, Kisumu. Lita ishirini. Faini sikuwa nayo, nikafungwa miezi tisa, nikakaa sita baada ya kupunguziwa ile theluthi. Kijana wangu alikuwa na miaka mitano na nusu. Watoto wa chini ya miaka minne huingia ndani na mama zao, wangu alikuwa ameshapita. Jirani alikaa naye wiki mbili akachoka, akampeleka kwa afisa wa watoto, na afisa akampa familia moja ya Kiboswa. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa nikiwa ndani, kwa mdomo wa askari, kwamba mtoto yuko fosta, yaani analelewa na familia nyingine kwa muda, na yuko salama.

Nimetoka mwezi wa tatu. Biashara ile nimeacha, nauza omena na sukuma pale Kachok. Naruhusiwa kumwona kila baada ya wiki mbili, saa moja, ofisini. Alhamisi iliyopita nimefika, nimemwita jina, akanitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Halafu akavuta leso ya yule mama anayemlea akasema, "Mama, twende."

Sasa afisa ananiambia kila akitoka kuniona anakojoa kitandani siku mbili tatu, kwa hiyo "tuone kama tutapunguza ziara".

Nimempoteza? Na mzazi ambaye mtoto wake ameingia huku anafaa kujua nini ambacho mimi sikuambiwa?

#2 BodaKondele
Pole sana dadangu. Kiboswa ya upande gani, Kisumu au Vihiga?

#3 OumaManyatta
@BodaKondele mama analia, wewe unatafuta mpaka. Uzi wa Maseno haukukutosha?

#4 BodaKondele
Nauliza kwa sababu ofisi ya watoto ni ya kaunti ndogo. Akienda ofisi ya upande mbaya atarudishwa na nauli imeenda. Nimebeba watu kama hao, nikangoja nje, nikawarudisha bure.

#5 KaraniMstaafu
Boda ana hoja, leo tumpe.

Dada, nilikaa mahakamani kama karani miaka mingi, faili za watoto zimepita mikononi mwangu nyingi. La kwanza: hujampoteza. Fosta si kuasili. Kuasili kunakata uzi wa mzazi na mtoto kisheria, fosta inakupokea mzigo tu kwa muda. Yule mama wa Kiboswa anamlisha, anampeleka shule na hospitali, lakini wewe bado ni mama yake kwa karatasi zote za Jamhuri.

La pili, na hapa ndipo wengi huanguka: omba karatasi. Mtoto hapewi familia kwa mdomo. Kuna faili ofisini kwa afisa, na mara nyingi kuna faili mahakamani ya mtoto anayehitaji ulinzi na malezi. Uliza nambari ya hiyo faili. Omba nakala ya amri, usome inaisha lini. Nimeona mama akilia miaka miwili kwa amri iliyokuwa imekwisha muda, hakuna aliyemwambia na yeye hakuuliza.

La tatu, waulize wakuandikie wanataka uonyeshe nini ndipo arudi. Nyumba? Kazi? Barua ya chifu kwamba umeacha pombe? Ukiambiwa "jipange kwanza", hilo si sharti, hilo ni hewa. Huwezi kutimiza hewa.

#6 Jaduong_Ahero
Karani amesema kweli lakini amesahau moja. Mtoto akikaa miezi sita bila mzazi serikali inamchukua moja kwa moja. Miezi sita ndiyo hiyo umekaa ndani. Fanya haraka.

#7 KaraniMstaafu
@Jaduong_Ahero tafadhali mzee, usimuue mama wa watu na presha. Hiyo miezi sita unaisikia nusu. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa na kifungu kwamba mtoto anaweza kuhesabiwa ametelekezwa kama anayemlea hajamwona mzazi *wala kusikia kutoka kwake* kwa miezi sita au zaidi. Lilikuwa jambo la kuasili, si serikali kuchukua mtu. Sheria ile imeondolewa na hii ya 2022, na hesabu ya miezi sita watu wanaibeba nusunusu vichwani, maafisa wengine pia.

Ndiyo maana namwambia aache alama. Kila ziara, andika tarehe kwenye daftari. Ukipiga simu, andika. Ukitoa sukari kilo moja ipelekwe Kiboswa, andika. Ukifika ukaambiwa leo haiwezekani, andika jina la aliyekuambia. Kufungwa si kutelekeza, walijua uko wapi. Lakini siku moja mtu atasimama mbele ya hakimu aseme "mama hakujishughulisha", na hapo daftari lako ndilo litakujibia.

#8 NyarNyalenda
Asante Karani. Daftari nimenunua leo, la shilingi thelathini.

#9 MamaLeso_Njoro
Mimi niko upande ule mwingine. Nimelea watoto wa fosta hapa Nakuru, sasa ni wa tatu. Mtanisamehe nikiandika ndefu.

Dada, yule mama wa Kiboswa huenda hakumfundisha kukuita mgeni. Wa kwanza wangu alikuja na miaka mitatu. Siku ya pili akaniita mama. Nikamwambia mimi ni shangazi, mama yako yuko hospitali. Akasema "sawa shangazi", na jioni akaniita mama tena. Nilimwuliza afisa. Akaniambia mtoto anaita mama yeyote anayempa uji. Si cheo, ni kazi.

Hiyo ya kukojoa nimeiona kwa wote watatu. Wanatoka kuona mzazi, njiani wako kimya, nyumbani wanapiga sahani au wanakataa kula, usiku kitanda kimelowa. Mwanzoni nilifikiri mzazi amewatisha. Siku hizi nafikiri wanaumia kuachana upya kila mara. Ukipunguza ziara kitanda kitakauka, kweli, lakini kimekauka kwa sababu gani? Mtoto ametulia au amekata tamaa? Mimi kwangu niliomba ziara ziongezwe, zisiwe za ofisini bali uwanjani wacheze. Ilisaidia mmoja. Mwingine haikumsaidia, nisiwadanganye.

Sasa vitu ambavyo mimi kama mlezi nilitamani mzazi aniambie na hakuna aliyeniambia: analala na taa au bila? Anaogopa mbwa? Anakula nini akiwa mgonjwa? Wimbo gani? Wa pili wangu alilia wiki nzima saa moja jioni, kumbe kwao ndio saa nyanya yake alikuwa anamkanda miguu. Ningeambiwa tu! Andika hivyo kwenye karatasi umpe afisa ampelekee yule mama. Usiandike kama unaagiza, andika kama mama anayemwachia mtoto jirani.

#10 MuuguziKibuye
Naongeza kwa @MamaLeso_Njoro upande wa hospitali kwa sababu sisi wa kanda ya ziwa tuna mambo yetu. Kadi ya kliniki iko wapi? Chanjo? Kuna selimundu kwenu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Nauliza kwa nia njema. Tulipokea wadini mtoto ana maumivu ya mifupa hatari, mlezi anasema "labda ni kukua". Mama mzazi alijua tangu mtoto ana mwaka mmoja kwamba ana selimundu, dawa yake ni kila siku, maji mengi, asipigwe na baridi, malaria isimkute bila kinga. Mama hakuulizwa, mlezi hakuambiwa. Mzazi hata kama amekasirikia kila mtu, hii habari haifai kukaa nayo.

#11 NyarNyalenda
Hana selimundu, nashukuru Mungu. Ana pumu kidogo vumbi likiwa jingi. Sikuwa nimesema kwa mtu. Kesho naenda kusema.

#12 KijanaWaBahati
Wacha niseme kile watu wanaogopa kusema. Hii fosta ni biashara. Wazungu wanaleta pesa, ofisi inakula, familia inakula, mama mzazi anabaki na machozi. Kwa nini mtoto akapewa watu wa Kiboswa na ana ndugu?

#13 MamaLeso_Njoro
Biashara? Njoo ujaze kitabu changu cha mahesabu. Mshahara wa fosta sijawahi kuuona. Ule wa Inua Jamii, pesa za serikali kwa mayatima, ni 2,000 kwa mwezi, tena ni kwa nyumba zilizosajiliwa na si kwa kuwa wewe ni fosta. Viatu vya shule peke yake vinaumaliza.

#14 KaraniMstaafu
@KijanaWaBahati mwelekeo wa pesa umeugeuza. Zilizokuwa zinavuta pesa za ng'ambo ni nyumba za watoto, zile zenye geti na ubao wa rangi. Serikali ilisimamisha kusajili mpya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye taasisi warudi kwenye familia. Fosta ni sehemu ya huko. Sisemi hakuna anayekula. Nasema meza ya kulia ilikuwa kwingine.

Ila swali lako la ndugu ni zuri. Kwa utaratibu, familia ya damu huangaliwa kwanza. Dada, waliulizwa?

#15 KukhuLurambi
Hapo ndipo nami nilikuwa naelekea. Sisi huku Lurambi mtoto hapotei na kukhu, nyanya yake, yupo. Nimelea wajukuu sita na hakuna afisa aliyewahi kubisha mlango wangu. Hii ya kupewa wageni imetoka wapi?

#16 Jaduong_Ahero
@KukhuLurambi hata kwetu Waluo zamani watoto walilala siwindhe, nyumba ya mama mzee, na pim, na pim hakuwa lazima nyanya yako wa damu. Alikuwa mama mzee wa boma anayelea wa kila mtu. Kwa hiyo ugeni si mpya sana. Upya ni fomu.

#17 NyarNyalenda
Mama yangu ana kiharusi, yeye mwenyewe anageuzwa kitandani. Dada yangu yuko Nairobi kwa kazi ya nyumbani, analala kwa mwajiri. Upande wa baba mtoto, Bondo, afisa alipiga simu, wakasema hawamjui huyo mtoto. Baba mwenyewe nambari yake haishiki tangu 2021.

#18 OumaManyatta
Hawamjui, na pua ni ya babu yao nadhani.

#19 WakiliMtaani
Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hiyo Bondo wanaweza kukataa simu, hawawezi kukataa sheria. Lakini dada, fikiri vizuri kama unataka kuwachokoza sasa. Ukimwita baba kwenye faili anaweza kuja kuomba mtoto yeye. Wengine humu watasema fanya, mimi nasema pima kwanza. Na FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, wanasaidia kina mama wasio na pesa ya wakili. Usingoje siku ya mahakama ndipo uende.

#20 MchambuziMwanza
Wakuu habari, mimi jirani yenu wa ng'ambo ya ziwa. Kwetu Tanzania hii inaitwa malezi ya kambo, ndivyo ustawi wa jamii wanavyoandika. Nashangaa nyinyi mnasema fosta.

#21 KukhuLurambi
Malezi ya kambo! Mama wa kambo huku ni yule anayekupa ukoko na kukupeleka kisimani usiku. Afadhali fosta.

#22 MchambuziMwanza
Hahaha hata huku mama wa kambo ni huyohuyo. Serikali haikutuuliza.

#23 MwalimuBondeni
Waislamu tunayo kafala, na sheria ya 2022 imeitaja kwa jina. Mtoto analelewa, hakatwi na nasaba yake. Turudi kwa dada. Mimi ni mwalimu wa darasa la chini. Nina maelezo mengine ya lile "Mama, twende". Mtoto wa miaka mitano hana kalenda. Miezi sita kwake ni sehemu kubwa ya maisha anayoyakumbuka. Na wewe umetoka tofauti: umekonda, nywele zimekatwa, sauti imepungua, unalia ukimwona. Yeye anamngoja yule mama aliyesuka nywele na kucheka. Huenda hakukukataa, hakukutambua.

#24 MtotoWaBomani
Mwalimu nakuheshimu lakini napinga. Alikutambua. Mimi nimekulia nyumba ya watoto halafu nikapewa familia nikiwa na minane. Mama yangu mzazi alikuja mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikamtambua kutoka getini, kwa vile anavyotembea. Nikajifanya simjui. Nilitaka aumie kidogo. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na jina lake.

Na nimeita wanawake wanne mama maishani. Kila mmoja nilimaanisha.

#25 BodaKondele
Hii #24 imenikalisha chini. Nimesimamisha pikipiki kando.

#26 Jaduong_Ahero
Mnasahau kuna watu hulisha watoto kitu ili wasahau kwao. Nasema tu.

#27 MuuguziKibuye
Alilishwa uji na maharagwe, mzee. Sisi tunapima, hatujaona hicho kitu kingine kwenye maabara.

#28 OumaManyatta
Mzee Ahero anataka ban yake ya tatu.

#29 KijanaWaBahati
Mimi bado naona yule mama wa Kiboswa anamfundisha. Mtoto hasemi "twende" peke yake. Ningekuwa wewe ningeenda shuleni kwake nimchukue nipande gari. Mtoto ni wangu.

#30 KaraniMstaafu
USITHUBUTU. Herufi kubwa kwa makusudi. Nimeona hiyo sinema ikichezwa. Mama anamchukua mtoto shuleni Ijumaa, Jumamosi polisi wako mlangoni, Jumatatu aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja arudishiwe mtoto anaanza upya, tena na kesi. Ukiona mtoto anateswa huko, piga 116, ni bure, au nenda kwa afisa na kwa hakimu. Ukiwa na hofu tu, iandike kwenye lile daftari la thelathini.

#31 MamaLeso_Njoro
Na kama ni ushauri wa ziara: usimwahidi "wiki ijayo nakuja kukuchukua" kama amri haijasema hivyo. Wa pili wangu aliambiwa hivyo, akafunga nguo kwenye mfuko wa karatasi, akakaa nao mlangoni siku tatu. Mfuko huo sitausahau. Beba kitu anachokijua, chakula, picha. Msalimie yule mama mbele yake, hata kama moyo unachemka. Mtoto akiona nyinyi wawili mnaongea, hachagui.

#32 WakiliMtaani
Hapo nitaongeza neno kuhusu umaskini kwa sababu naona dada anajilaumu kwa kuuza omena. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu watoto walio nje ya familia inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali ishara kwamba familia ile isaidiwe. Ukiambiwa nyumba yako ni ya mabati kwa hiyo hapana, uliza mabati yameandikwa wapi kwenye sheria.

#33 BodaKondele
Nyalenda ikiondolewa mabati itabaki hewa.

#34 OumaManyatta
Kwani chang'aa si ilihalalishwa na ile sheria ya pombe ya mbunge Mututho ya 2010? Mbona dada alifungwa?

#35 MamaLeso_Njoro
Mututho ni wetu wa Naivasha msimseme vibaya. Ilihalalishwa ukiwa na leseni na chupa zenye lebo. Sio mtungi chini ya kitanda.

#36 NyarNyalenda
Ulikuwa nyuma ya mlango, sio chini ya kitanda 😅

Wapendwa nimerudi na habari. Jana ilikuwa Alhamisi yangu. Nilivaa rinda lile la zamani la maua na nikafunga kitambaa jinsi nilikuwa nafunga. Nikabeba nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye mkebe. Nikamsalimia yule mama kwanza. Anaitwa mama kwa kila mtu kule kwao, kumbe hata mwenye duka anamwita hivyo, kwa hiyo sijui nifuate maelezo ya nani kati yenu. Niliwapa ile karatasi ya pumu na usingizi. Aliisoma palepale, akaniuliza kama ni kweli anapenda kulalia tumbo, kwa sababu amekuwa akimgeuza kila usiku.

Kijana hakuja kwangu. Alikula nyoyo akiwa amesimama, amenipa mgongo. Akamaliza mkebe. Halafu bila kugeuka akaniuliza kwa Kiluo, na afisa alikuwa ameniambia Kiluo kimempotea, akaniuliza, "Ulikuwa umeenda wapi?"

Sikumjibu ukweli. Nilisema nilikuwa safari. Muda ukaisha.

Nambari ya faili nimepewa. Amri inaisha mwezi wa nane. Kuhusu kupunguza ziara wamesema wataangalia.

#37 MwalimuBondeni
Mwambie ukweli kwa maneno ya umri wake. Atausikia shuleni, na huko hautakuwa na huruma.

#38 KukhuLurambi
Mtoto wa miaka sita aambiwe jela? Safari inatosha. Akikua ataulizia.

#39 MtotoWaBomani
Mimi niliambiwa safari. Kila gari lililopita nilikuwa naangalia dirishani. Lakini pia sijui kama ningetaka kujua ule ukweli nikiwa na sita. Kwa kweli sijui.

#40 KijanaWaBahati
Natoa lile la kumchukua shuleni. Lakini yule mama bado simwamini.

#41 MamaLeso_Njoro
@NyarNyalenda usiku huo alikojoa?

#42 NyarNyalenda
Nilipiga simu leo asubuhi. Alikojoa. Na akaomba mkebe mwingine.

#43 BodaKondele
Alhamisi ijayo yako nikubebe bure mpaka ofisini. Ya upande wa Kisumu. Vihiga ni nusu bei.

#44 AchiengKibos
Samahani kuingilia. Mimi mtoto wangu wa kike amepelekwa kwa shangazi yake kwa amri ya mahakama, wanasema shangazi ni "mtu anayefaa". Hiyo nayo ni fosta ama ni kitu kingine? Nifungue uzi mwingine?

#45 KaraniMstaafu
Ni kitu kingine kidogo. Uliza hapa hapa. Amri unayo mkononi?